Masizi kwenye Bastola Mpya

Mtu akikuletea gobole ulikague, usianze na mtutu. Anza na kitako. Mtutu utakueleza habari za baruti, lakini kitako kitakueleza habari za mwenyewe. Kitako kilicholika chini upande mmoja, ujue huyo analitumia gobole kuzuia mlango usijifunge. Kitako chenye madoa ya mafuta yaliyokolea, basi kuna siku mchi ulipotea na karanga zikatwangwa kwa hicho hicho kitako. Niliwahi kumwambia hivyo mzee mmoja wa Rugera mbele ya watu. Akageuka kumtazama mkewe, na mkewe akageuka kuitazama migomba. Mimi nikaendelea na kazi yangu kama vile sijasema kitu.

Naitwa Projestus, mzaliwa wa Nyakatuntu, mkaguzi mstaafu wa magobole. Nilianza kazi hiyo kabla Kyerwa haijatengwa na Karagwe. Kila mwaka wakulima wenye vibali waliniletea bunduki zao za kushindilia, zile za kufukuzia nguruwe pori na ngedere mashambani, nami nazikagua moja moja na kuandika kama inafaa kuendelea kutumika au ikapumzike. Ninyi mlioanza kazi juzi mna vitaa vya kuingiza ndani ya mtutu na miwani ya kukuza mambo mpaka tundu la sisimizi linaonekana kama kisima. Hongereni sana. Sisi tulikuwa na jua, kipande cha pamba, na ukucha.

Msiucheke ukucha. Mzee Habimana ndiye aliyenifundisha kuutumia. Alikuwa mhunzi aliyekuja kijana kutoka Rwanda, akaoa Igurwa, akapata kibali cha kutengeneza magobole, na wilaya nzima haikuwa na mikono kama yake. Alikuwa mkali. Ukimuuliza swali la kijinga alikupa tupa, ukasugua chuma mpaka ulipate jibu mwenyewe au usahau swali. Alinionyesha hivi: ukiona mkwaruzo, pitisha ukucha wa kidole gumba juu yake taratibu. Ukucha ukipita bila kunasa, hiyo ni alama tu, ya sura, haimdhuru mtu. Ukinasa, hapo kuna jeraha, na jeraha la chuma haliponi kama la mwili. Andika kwenye karatasi yako ni lipi kati ya hayo mawili, maana kuna watu wamenyimwa vibali kwa ajili ya alama, na wengine wamepoteza vidole kwa ajili ya jeraha.

Sasa mtasema mzee huyu anayewasimulia alikuwa hodari tangu siku ya kwanza. Ngoja niwape nafasi ya kucheka mapema. Mwaka wangu wa kwanza mafuta ya bunduki yaliisha ofisini, na mkulima mmoja wa kwetu Nyakatuntu akanionyesha kitako kilichokauka kikaanza kupasuka. Nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu, "Paka samli." Nyumbani tulikuwa tunapaka samli ngozini, kwenye vibuyu, kwenye mipini ya mikuki ya babu, sasa kitako kina nini cha kujivunia? Mkulima akaenda akapaka, tena kwa ukarimu. Baada ya wiki mbili akarudi na kitu kimefungwa kwenye kitenge cha mkewe.

"Bwana mkaguzi," akasema, "nimekuletea kilichobaki."

Panya walikuwa wamekila kitako mpaka karibu na kifyatulio. Mtutu waliuacha. Mzee Habimana alitengeneza kitako kipya, na alipomaliza alikinusa mbele yangu, akaninusa na mimi.

Lakini kosa hilo lilikuwa la kuchekesha tu, halikumuumiza mtu isipokuwa panya wachache walioshiba kupita kiasi. Lile ninalotaka mlisikie nililifanya nikiwa nimeshastaafu, mvi kichwani, nikiwa na hakika kwamba sina cha kujifunza. Na lilimwangukia mtu asiyehusika.

Kuna bwana mmoja wa Igurwa, Laurian, aliyefanya kazi nje ya nchi miaka mingi. Aliporudi alijenga nyumba ya kumbukumbu, nyumba safi ya matofali, akaijaza mikuki, ngoma, vibuyu vya maziwa, na vitu vya enzi za misafara ya wageni waliopita Karagwe na mizigo yao. Akataka na bastola ya baruti kama waliyobeba wageni wale. Ya zamani halisi hakuipata, hivyo aliagiza ya kuiga, iliyotengenezwa kiwandani Ulaya miaka hii kwa umbo la kale. Silinda yake ina vyumba sita, unashindilia baruti na risasi chumba kimoja kimoja kwa mbele, na fataki, kile kikofia kidogo cha kuwasha baruti, unaiweka kwa nyuma. Vibali vya polisi alivikamilisha vyote. Ikafika ndani ya sanduku lake, mpya, na aliyeipokea na kutia sahihi alikuwa Jenerosa.

Jenerosa ndiye msimamizi wa nyumba ile. Babu na bibi yake walitoka Burundi wakaja kulima vibarua kwenye vibanja vya watu, na yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wao kukabidhiwa ufunguo wa kitu kisicho chake. Ule ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni kwa uzi, hata kanisani. Ana kaka mmoja, Zabloni, ambaye mpaka leo analima vibarua na anajulikana kwa kupenda kuwinda nguruwe pori.

Wiki tatu baada ya bastola kufika, Bwana Laurian akaitoa kabatini kwa mara ya kwanza, akaiweka mezani, akachungulia vyumba vya silinda. Akaona masizi. Bastola mpya, na ndani yake masizi ya baruti! Akanipigia simu. "Mzee, njoo uniambie kama kitu hiki kimetumika."

Nilikwenda nimevaa koti. Niulizeni kwa nini nilivaa koti. Jua lilikuwa kali. Nilitaka kuonekana. Nikaketi mezani, Bwana Laurian upande wa pili, Jenerosa amesimama karibu na mlango, na nikaishika ile bastola. Vijana, nisiwafiche: ilikuwa nzuri. Chuma chake cheusi chenye ubuluu ndani yake, shaba inang'aa, mpini wa mti mwekundu. Nikaivuta nusu nyundo ya nyuma, ile inayogonga fataki, nikaishusha taratibu, nikaizungusha silinda kwa vidole. Ikasema trr, trr. Nikaizungusha tena. Nadhani niliizungusha kama mara thelathini, huku nikieleza habari zangu za kazi. Nilipochoka kuzungumza ndipo nikavaa miwani, nikaanza kukagua.

Nikaona mambo matatu. Masizi ndani ya vyumba. Kishimo kidogo kwenye shaba inayozunguka kifyatulio. Na mstari mwembamba unaong'aa umeizunguka silinda yote, rangi imekwanguka, wa aina ile inayotokea chuma kikisuguana na chuma. Nikapitisha ukucha, ukanasa kidogo. Nikachukua karatasi nikaandika: vyumba vina masizi, shaba imegongwa, silinda imezungushwa sana. Bastola hii imetumika. Nikatia sahihi yangu ile ndefu.

Bwana Laurian aliisoma mara mbili. Kisha akanyoosha mkono kwa Jenerosa. Jenerosa akatoa ule uzi shingoni.

"Nilikuamini," Bwana Laurian akamwambia. "Umempa kaka yako akawindie. Nakupa mpaka Jumatatu unieleze ukweli. Baada ya hapo utawaeleza polisi."

"Waitu, bwana wangu, hakuna aliyeigusa," Jenerosa akasema.

"Mzee ameshasema."

Na ni kweli, mzee alikuwa ameshasema. Nikala chakula pale, nikarudi nyumbani nimeshiba.

Kesho yake asubuhi mke wangu Asteria anamenya ndizi uani, Jenerosa akaingia. Nilijiandaa kwa machozi au matusi. Hakuleta chochote kati ya hivyo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

"Babu, nina swali moja la kazi. Bastola mpya ulizowahi kukagua kabla ya hii, zilikuwaje ndani?"

Nikainama, nikaanza kuokota maganda ya ndizi. Asteria akaacha kumenya.

"Mjibu mtoto wa watu, mzee," akasema. "Au huna kumbukumbu?"

Kumbukumbu ninazo. Tatizo ni kwamba hiyo haikuwamo. Miaka yote ile nilikagua bunduki zilizochakaa, zilizorithiwa, zilizofungwa waya, zilizoliwa na panya. Silaha mpya kutoka kiwandani haikuwahi kupita mikononi mwangu hata moja. Nilijua uchakavu kwa aina zake zote, lakini upya sikuujua ulivyo. Nilikuwa kama daktari ambaye maisha yake yote hajawahi kumwona mtu mzima wa afya, akikutana naye anamwandikia dawa.

Jenerosa hakungoja nimalize kuona aibu. Akatoa simu, akanionyesha picha alizopiga siku ya kufungua sanduku, yeye na dereva aliyeleta mzigo, kila upande wa bastola. Alizipiga kwa sababu hakuna aliyewahi kumkabidhi kitu cha thamani, akaogopa. Akaikuza picha ya vyumba. Masizi yalikuwamo tangu siku hiyo, na juu yake utando wa grisi ya kiwandani unang'aa.

Nikakumbuka kitu cha Mzee Habimana, kitu nilichokiona kwa macho yangu mara nyingi sana. Kila mtutu aliotengeneza, kabla hajamkabidhi mwenyewe, aliufunga kwenye kisiki cha mgomba, akaujaza baruti kuliko kawaida, akaenda nyuma ya kichuguu na kuufyatua kwa kamba ndefu. Ukipasuka, upasukie kisiki. Ukivumilia, anaupangusa juu juu, anaupaka mafuta, anamwita mwenye mali. Kumbe na wazungu wa kiwandani ni wahunzi kama wengine. Huijaribu silaha kabla ya kuiuza. Gobole jipya la Habimana lilikuwa na masizi pia, na mimi nilikuwapo, na nisingethubutu kumwambia limetumika.

"Na huu mstari, babu," Jenerosa akasema. Akaikuza picha ya silinda. "Hapa haupo."

Nikatazama. Nikavaa miwani, nikatazama tena. Silinda ilikuwa safi, nyeusi yote, bila mstari.

"Nani ameishika tangu siku hiyo?" nikamuuliza.

"Mimi niliiweka kabatini nikiishika kwa kitambaa. Bwana Laurian akaitoa akaiweka mezani. Halafu wewe."

Asteria aliangua kicheko hata kisu kikamtoka mkononi. Yeye alikuwa ameshaelewa. Anajua nikipewa kitu kinachozunguka sikiachi.

Hapa ndipo pa kusikiliza kwa makini, ninyi wa vitaa. Gobole ukilivuta nyundo nusu kisha ukaishusha taratibu, hakuna linalotokea. Ndivyo tulivyozoea huku, mikono inafanya yenyewe hata ukiwa unawaza kahawa. Lakini bastola ya silinda ina kijino cha chuma chini yake, kinachopanda kuishika silinda isicheze. Ukivuta nyundo nusu, kijino hujificha ili silinda izunguke huru. Ukiishusha kutoka hapo nusu, kijino hupanda na kukaa juu ya silinda mahali pasipo pake. Ukizungusha sasa, kinakwangua. Ukitaka kuishusha bila kuidhuru, ivute mpaka mwisho wake kwanza, kijino kikae kwenye kitundu chake, ndipo uishushe. Mimi niliishusha kama gobole, nikazungusha mara thelathini, nikavaa miwani, nikaona mstari nilioutengeneza mwenyewe, nikaandika karatasi iliyomtwisha lawama mwanamke wa watu.

Nilitamani ardhi inimeze, tena inimeze pamoja na koti.

Jumamosi tulikwenda wote wawili kwa Bwana Laurian. Nikaomba bastola. Nikafunga pamba nyeupe kwenye kijiti, nikaigusisha chumbani juu juu: ikatoka na grisi safi. Nikaisokomeza: ikatoka nyeusi. "Masizi yako chini ya grisi," nikamwambia. "Grisi iliwekwa kiwandani. Mtu hawezi kupiga risasi chini ya grisi." Nikampa akipapase mwenyewe kile kishimo cha shaba. Shaba ikigongwa huinua ukingo, na ukucha unaupata. Hiki hakikuwa na ukingo, kilitokana na shaba ilipomiminwa ikiwa ya moto, povu likaacha tundu. Tena kama wangewinda nayo, na mvua hizi za kwetu, baada ya wiki tatu vyumba vingekuwa vyekundu kwa kutu kama barabara ya Nyakatuntu.

"Na mstari?" akauliza.

Nikaomba chaki. Nikaipaka silinda pande zote mpaka ikawa nyeupe. Nikaivuta nyundo nusu, nikaishusha, nikaizungusha mara moja tu. Kijino kikaifuta chaki juu ya mstari ule ule, bila kupotea hata upana wa unywele.

Bwana Laurian akapitisha kidole kwenye mstari. "Kwa hiyo mzee, niliyemwita kukagua bastola yangu ndiye aliyeiharibu?"

"Haijaharibika," nikasema. "Imechorwa."

Hakucheka. Akamgeukia Jenerosa, akaanza kutafuta ufunguo mfukoni. Jenerosa akarudi nyuma hatua moja.

"Bastola imepata jibu," akasema. "Sisi je? Tangu juzi kaka yangu anaitwa mwizi mpaka sokoni. Jana amenyimwa kibarua. Mama amekataa kwenda kuteka maji kwa sababu ya maneno. Ufunguo mtanipa hapa ndani, sisi watatu tukiwepo, halafu nje nani atajua?"

Hakuna ukali wa Mzee Habimana uliowahi kunichoma kama swali lile. Nikamwuliza anataka nifanye nini. Akasema, "Uliandika kwa sahihi. Sema kwa mdomo. Na jina la Zabloni ulitaje."

Jumapili baada ya matangazo nikasimama kanisani. Mchungaji alikuwa ameniruhusu dakika chache, akidhani ni habari za ujenzi. Nikaeleza yote: koti, nyundo, mara thelathini. Nilipofika kwenye miwani, kanisa zima likacheka, na kwaya ndiyo iliyoongoza. Nikawaacha wacheke. Kisha nikasema, "Jenerosa hakumpa mtu bastola. Zabloni hakuigusa. Mwongo alikuwa karatasi yangu, na karatasi hiyo niliiandika mimi." Kicheko kikakatika. Zabloni alikuwa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali anapokaa mtu aliyejiandaa kuondoka. Akainamisha kichwa, akajipangusa uso kwa kiganja. Mama yake alimshika goti. Nililia pale mbele, vijana, na siwezi kuwaambia ilikuwa mafua.

Nje, watu wakiwa bado hawajatawanyika, Bwana Laurian alimkabidhi Jenerosa ufunguo kwa mikono miwili na kumwomba radhi kwa sauti ya kusikika. Jenerosa akaupokea kwa mikono miwili, akasema ana sharti moja: kuanzia siku hiyo, yeyote atakayekuja kukagua kitu katika nyumba ile, naye atakaguliwa. Ataandika kwenye daftari amegusa nini, ameanzia wapi, na kama alivaa miwani. Bwana Laurian akakubali. Mimi sikuulizwa.

Nikaandika ripoti ya pili. Imebandikwa ndani ya kabati, pembeni ya bastola, na mnaweza kwenda kuisoma. Inasema: masizi ni ya majaribio ya kiwandani; kishimo ni cha kumimina shaba; mstari kwenye silinda umesababishwa na mkaguzi. Sahihi safari hii ni fupi. Zabloni siku hizi ndiye mlinzi wa nyumba ile, na nikipita ananisalimia kwa heshima zote, kisha anauliza kama leo nimekuja na miwani.

Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wa Rugera kuiona. Jenerosa akafungua kabati, akawaeleza habari za misafara, baruti na fataki, akawaonyesha mstari na akaeleza ulivyotokea bila kunipunguzia hata kidogo. Watoto wakasogea. Nami nikasogea, na kabla sijajua ninachofanya, nikawa nimenyoosha vidole kuelekea kwenye silinda.

"Babu," Jenerosa akasema, bila hata kugeuka. "Mkono."

Nikaurudisha mfukoni mwa koti, nikainama, nikaitazama kwa macho.